Boti ya faiba futi 23, imekaa nchi kavu miaka miwili: nitajuaje kama imekunywa maji?

PwezaMkavu

Habari za jioni wakuu.

Kuna boti nimeonyeshwa Kunduchi. Faiba, futi 23, wazi, usukani katikati na kivuli cha turubai juu, nyuma mashine ya Yamaha, farasi 60. Mwenyewe anataka milioni 19 na trela humo humo. Hesabu yangu ni kupeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo wikiendi, na katikati ya wiki nikipata mtu anayetaka kuvua kwa mshipi tunatoka naye.

Boti ninazozijua mimi ni za mbao. Nimekulia Mafia, babu alikuwa na mashua. Maji yakizidi ngamani, pale chini kabisa ndani ya chombo, tunajua kalafati imetoka, inapandishwa maji yakipwa, inapigwa pamba upya, kesho yake baharini. Faiba siijui kabisa. Mmoja ananiambia faiba haiozi milele, mwingine ananiambia faiba ikishakunywa maji umenunua kaburi.

Muuzaji anasema haijatumika sana, imekaa uani kwake miaka miwili, na mwezi uliopita kaipiga rangi mpya chini yote. Kwa macho inang'aa. Nilichokiona mimi ni viwili: vipele upande wa kushoto chini ya mstari wa maji, kama ngozi ya mtoto mwenye harara, na sakafu inabonyea kidogo ukikanyaga karibu na mashine. Vipele ndivyo vinavyoninyima usingizi.

Nitajuaje kabla sijatoa hela? Kuna kifaa cha kupimia? Jumamosi naenda kuiangalia tena. Natanguliza shukrani.

JahaziLaJirani

Rangi mpya, chini yote, mwezi mmoja kabla ya kuuza. Mkuu, hata anayeuza nyumba anaanza kupaka ule ukuta wenye nyufa.

TasiMkaanga

Nunua ya mbao kaka. Ikivuja angalau unaona inapovuja 😀

KaziNaMsasa

Ndugu PwezaMkavu, mimi niko Mtwapa, kazi yangu ni faiba, mwaka wa kumi na sita sasa. Nitaandika kirefu kidogo, maana maswali haya huwa naletewa mtu akiwa ameshalipa.

Hao wawili waliokushauri wote wamesema nusu. Faiba yenyewe kweli haiozi. Lakini boti ya faiba si faiba tupu. Ndani ya transomu, ule ubao wa nyuma unaobeba mashine, mna plaiwudi iliyofunikwa faiba mbele na nyuma. Chini ya sakafu mna mihimili ya urefu, na kwenye boti nyingi za zamani hiyo nayo ni mbao iliyovishwa faiba. Katikati ya mihimili hujazwa povu la kuelea. Maji yakipata tundu moja tu, mbao inaoza ndani kimya kimya na nje kunang'aa vilevile.

Hivyo vipele vyako nitavimaliza haraka. Malengelenge ya kweli hutokea hivi: ile ngozi ya nje, jelikoti, unene wake ni kama nusu milimita, na maji hupenya polepole ikikaa baharini muda mrefu. Ndani yanakutana na mabaki ya resini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba, ambayo hayakuiva vizuri, yanayayeyusha, na ule mchanganyiko unavuta maji mengine hadi ngozi inavimba. Ukilitoboa lengelenge la namna hiyo vaa miwani, maana hutoka kwa msukumo, na harufu yake ni kama siki. Ukikisugua hicho kimaji kwa vidole kinateleza kama mafuta. Sasa boti yako imekaa kavu miaka miwili, halafu vipele viko juu ya rangi ya mwezi mmoja. Mimi nashuku ni rangi iliyopakwa juu ya uchafu au unyevu. Omba ruhusa, toboa kimoja kwa sindano, kwangua. Kikitoka kimaji kisicho na harufu na chini yake jelikoti nyeupe haina kidonda, hayo ni mambo ya rangi. Hata yakiwa malengelenge ya kweli lakini machache na madogo, ni kazi ya kutibu, haikuzamishi. Nimeziona boti zina malengelenge miaka kumi na zinavua.

Kinachoniuma mimi ni ile sakafu inayobonyea karibu na mashine. Umeiandika kama jambo la pili. Mimi ningeanza nayo.

Mashine ya 60 ni kama kilo 100 zinaning'inia kwenye ubao mmoja, na ukifungulia mafuta ubao huo ndio unaosukuma boti nzima. Kwenye trela, inua mashine ikae nusu, ushike mguu wake wa chini, uubonyeze na kuuinua kwa nguvu zako zote. Mwenzio aweke macho pale transomu inapokutana na mbavu za boti na kwenye pembe za lile kata la mashine, pale ubao ulipokatwa ili mashine ikae. Ikicheza, au ukiona ufa unafunguka na kufunga, mbao imekwisha. Kisha angalia kila bolti ya mashine na kila skrubu, pamoja na zile za kifaa cha kupimia kina. Pakitoka mchirizi wa rangi ya chai, hayo ni maji yaliyopita kwenye mbao.

Halafu kizibo cha chini cha kutolea maji. Kichomoe, ingiza kidole, papasa ukingo wa tundu kwa ndani. Hapo ndipo mafundi wengi hufanya uvivu. Wanatoboa, wanasukuma bomba la shaba, basi, ule ukingo wa plaiwudi unabaki wazi haukupakwa resini. Plaiwudi hunywa maji kwa ncha zake kuliko kwa uso. Boti kumi nilizobadilisha transomu, sijui kama mbili hazikuanzia hapo au kwenye bolti.

Kugonga: usibebe nyundo ya misumari. Chukua mpini wa plastiki wa bisibisi au nyundo ndogo ya plastiki. Faiba nzima inajibu ta! ta! Penye maji au palipoachana tabaka inajibu bu, kama kugonga papai lililoiva sana. Ukifika juu ya mhimili sauti itabadilika, hilo ni la kawaida, mradi ibadilike sawasawa kulia na kushoto. Gonga kulia, hama kushoto mahali pale pale, linganisha.

Na hitimisho la mabishano yote ni tundu. Drili ya milimita 5, kutokea ndani ya boti, vuka faiba uingie kwenye mbao, usivuke kutoka nje. Tazama unga unaotoka. Mweupe na mkavu, heri. Mweusi, au unashikana kwenye ncha ya drili, unajua unanunua nini. Tundu linazibwa kwa epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, siku hiyo hiyo. Muuzaji akikataa, naye amekujibu.

VoltiKumi

Umeuliza kifaa. Kipo, kipima unyevu cha kubandika kisicho na sindano. Nilikiagiza kwa hela nyingi na kikanikosesha boti nzuri, kwa hiyo nisikilize.

Nilikwenda kuangalia boti, nikabandika chini, mshale ukaenda mwisho wa mizani. Nikabandika kwingine, mwisho. Chini kote. Nikaondoka kifua mbele kwamba nimemshtukia muuzaji. Aliyeinunua baadaye akakwangua ile rangi ya zamani ya kuzuia viumbe kushika, akapima upya, mshale haukufika robo. Rangi ile ilikuwa na shaba ndani. Kifaa kinasikia chuma, shaba, tangi la maji lililo upande wa pili, chumvi iliyoganda, umande wa asubuhi, na vyote kinaviita unyevu.

Namna sahihi ni hii. Boti iwe imetoka majini siku kadhaa na uso uwe mkavu kabisa. Anza juu, ubavuni karibu na mdomo wa boti, mahali usipotegemea maji. Hicho ndicho kipimo chako cha kulinganishia. Shuka kidogo kidogo, kila hatua andika namba kwa chaki hapo hapo kwenye ubavu. Sehemu yenye rangi, kwangua vidirisha vya ukubwa wa kiganja. Ile namba peke yake haina maana, usije ukamwambia muuzaji "boti yako ina asilimia 40 ya maji", atakucheka na atakuwa na haki. Unachotafuta ni mahali namba inaporuka ghafla.

Kama huna kifaa, bandika nailoni safi ya wazi, futi moja kwa futi moja, kwenye sehemu iliyokwanguliwa, zungushia gundi ya karatasi pande zote nne pasibaki upenyo, iache siku nzima juani. Ikitoa jasho kwa ndani, faiba inatoa maji. Si ya kisayansi sana ila ni bure.

NgamaTupu

Mkuu mimi nataka kuongelea hiyo "imekaa uani miaka miwili". Naona umeiandika kama sifa.

Nilinunua boti namna hiyo hiyo hapa Tanga. Futi 19, imepumzika, haijachoka, maneno matamu. Imekaa chini ya mwembe misimu miwili ya masika, haina turubai, kizibo kimefungwa. Yaani ilikuwa beseni. Mvua ikinyesha inajaa, jua likiwaka inapungua, inajaa tena. Na wazee wa kazi watakwambia, mbao huoza upesi kwa maji ya mvua kuliko maji ya bahari. Chumvi inawazuia wale kuvu wanaokula mbao. Boti inayofanya kazi kila siku baharini inaweza kuwa na transomu nzima, na iliyopumzika uani ikawa ugali.

Yangu ilinionyesha siku ya tatu. Tunatoka nje ya kisiwa cha Toten, kusi imeamka kidogo, nikaongeza mafuta kupanda wimbi. Nikasikia mlio kama mtu anapasua muwa. Nikageuka, mashine imeinamia nyuma, imelala kuelekea majini, na kwenye pembe ya transomu naona mbao nyeusi imechungulia. Nilizima, tukaifunga kwa kamba ya nanga mpaka kwenye vifungio vya mbele, tukarudi kwa kasia na mwendo wa kuvutwa na ngalawa ya mzee mmoja aliyekuwa anarudi na mitego yake. Hakutaka hela. Alitaka tu kujua nimeinunua kwa nani, na alipojua akacheka mpaka akaacha tanga.

Muulize muuzaji: ilifunikwa? Ilielekezwa omo, yaani mbele, juu ili maji yatoke? Kizibo kilikuwa wazi? Halafu kaangalie ukutani mwa boti kwa ndani. Maji yaliyokaa muda mrefu huacha mstari kama wa sufuria.

MamaDagaa_Mz

Mdogo wangu, uliza pia boti hiyo imewahi kuishi wapi kabla ya Kunduchi. Watu wanadhani maji ya chumvi ndiyo mabaya. Kwa malengelenge ni kinyume, maji baridi hupenya faiba upesi zaidi, kwa sababu hayana chumvi ya kushindana na ule mchanganyiko ulio ndani. Mimi niko Mwanza, boti yangu ya pili niliinunua Kirumba, ilikuwa inalala majini mwaka hadi mwaka. Nilipoipandisha, tumbo lote lilikuwa kama ngozi ya chura. Fundi akatoboa moja, harufu ya siki ikajaa banda zima.

Tuliimenya jelikoti ya chini yote, tukaiosha kwa maji safi kila siku na kuiacha ikauke. Wiki ya tatu nikasema inatosha, paka. Fundi akakataa. Tuligombana kweli, maana boti isipotoka siku moja mimi nalisha watu. Ikafika karibu miezi mitatu. Leo namshukuru: jirani yangu alipaka epoksi juu ya faiba mbichi, akafungia maji ndani, mwaka uliofuata vipele vilirudi na wenzao.

Usitishwe na hilo lakini. Lako sidhani kama ni hilo.

SalimWaRuwi

Assalamu alaykum. Mie niko Muscat, asili ni Unguja. Hamjagusa kitu kimoja naona, mkuku, ule uti wa chini wa boti.

Huku pwani ya Batinah boti za faiba za wavuvi zinapandishwa kwa gari, zinaburuzwa mchangani kila siku inayoingia kwa Mungu. Na huko kwetu ni vilevile, kupwa na kujaa, boti inalala kwenye mchanga na mawe. Jelikoti ya mkuku inasagika inaisha, zinabaki nyuzi. Nyuzi za faiba zikiwa wazi zinavuta maji kama utambi wa taa ya koroboi, zinaingia nayo ndani kabisa. Lala chini ya trela, yakhe, usione haya nguo kuchafuka. Pita kidole mkuku mzima kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Popote penye manyoya manyoya kama kitambaa kilichochanika, hapo pamekunywa. Na hiyo rangi mpya itakuwa imepita juu ya manyoya yale, kwa macho huoni, kwa kidole unaona.

Jingine, ukimaliza kukagua ukavu wote, mwishoni kabisa, mimina maji ya bomba ndani ya ngama, ndoo kumi hivi, kizibo kifungwe. Kaa utazame kwa nje nusu saa. Panapolowa ndipo penye ufa. Usijaze kupita hapo, lita 200 ni kilo 200 na boti iko juu ya vigogo viwili vya trela.

JahaziLaJirani

Nyongeza isiyohusu maji: hakikisha usajili uko kwa jina lake na boti haina mkopo nyuma yake. Na usije ukaridhika kwa kuwa ina cheti cha TASAC, lile shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Hakuna mkaguzi wa serikali atakayetoboa transomu ya mtu kwa faida ya mnunuzi.

PwezaMkavu

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa urefu.

Nilimchukua fundi wa faiba wa Msasani, tukafika Jumamosi saa moja asubuhi. Tunakuta muuzaji kaiosha boti kwa mpira wa maji, ndani na nje, inachuruzika. "Nimewasafishia." Fundi alikuwa na kile kifaa cha VoltiKumi, akakirudisha kwenye mfuko bila hata kukiwasha. Tukafuta kwa matambara, tukanywa chai, tukasubiri jua.

Vipele: nilitoboa vinne kwa sindano. Kimaji kidogo, hakinuki chochote, nilinusa mpaka fundi akaniambia basi. Kukwangua, chini jelikoti nyeupe nzima. KaziNaMsasa ulisema kweli, ni rangi. Kitu kilichoninyima usingizi wiki nzima kiliisha kwa dakika kumi.

Mkuku, nililala chini kama Salim alivyosema. Futi tatu za mwisho kuelekea tezi ni manyoya matupu chini ya rangi. Fundi akasema ni kazi ya siku mbili, kusaga, kukausha, kuweka tabaka mpya za mati, ule mkeka wa nyuzi za faiba.

Kisha nyuma. Nilishika mguu wa mashine, fundi akachuchumaa pembeni na tochi. Nikabonyeza. Akasema tena. Nikabonyeza. Akasema njoo uone wewe, tukabadilishana. Kwenye pembe ya kulia ya lile kata kuna ufa mwembamba, mtu akibonyeza unafunguka kama mdomo wa samaki nchi kavu, akiachia unafunga. Muuzaji akasema ni ufa wa rangi.

Kizibo. Niliingiza kidole cha shahada, nikapapasa ukingo, kikatoka na kitu cheusi kilicholowa, kama majani ya chai yanayobaki kwenye chujio. Nikampa muuzaji anuse. Hakunusa.

Kutoboa alikataa kwanza. Fundi akamwambia taratibu, mzee, tundu ninaziba mimi na boti inabaki yako, lakini kama hatutoboi basi tunakadiria, na tukikadiria tutakadiria vibaya. Akakubali. Tundu la juu, karibu na mdomo wa transomu: unga mweupe, mkavu kabisa. La katikati, kwenye usawa wa bolti za chini za mashine: kahawia, unyevu, unashikana. La chini, kiganja kimoja juu ya kizibo: hakukutoka unga. Ulitoka uji. Drili ilizama yenyewe bila kusukumwa.

NgamaTupu, mstari wa sufuria upo. Uko kiganja kimoja na nusu juu ya sakafu, pande zote mbili. Nilipomuuliza kuhusu turubai alisema lilipeperuka.

Chini ya sakafu nyuma tulifungua kile kifuniko cha duara, fundi akachoma povu kwa bisibisi, likatoa maji kama sifongo. Mbele tulifungua kingine, kavu.

Hesabu ya fundi wa Msasani: transomu mpya, sakafu ya nyuma, povu la nyuma, mkuku, milioni 4 na nusu kwa vifaa na mikono. Nilimwambia muuzaji milioni 13. Akasema 18. Nikamuaga. Jumatatu mchana akapiga mwenyewe, 15. Ganda ni zuri, mashine imewaka mara ya pili ya kuvuta, trela nzima. Nifanyeje?

TasiMkaanga

"Lilipeperuka" 😂😂

NgamaTupu

Nunua kwa 14. Yangu pia ganda lilikuwa zuri, nilibadilisha nyuma na mpaka leo ndiyo inayonilisha.

KaziNaMsasa

Kabla ya bei: mihimili. Umeniambia povu la nyuma limelowa, na povu hilo limelalia mihimili miwili. Mligonga? Transomu ni kazi ya wiki moja, inafahamika. Mihimili ikiwa imeoza mpaka katikati, lazima ung'oe sakafu nzima, na hiyo milioni 4 na nusu itazaa nyingine.

PwezaMkavu

Tuligonga kupitia kile kifuniko, mkono hauingii mbali. Leo jioni nimerudi na fundi, muuzaji karuhusu tung'oe skrubu za kipande cha sakafu cha nyuma. Mhimili wa kushoto unajibu ta mpaka mwisho. Wa kulia, mita moja ya nyuma unajibu bu, halafu ta. Tumetoboa mpakani, mita moja na kitu kutoka tezi: unga mkavu. Kwa hiyo kuoza kumeishia hapo.

Tumefungana kwa milioni 14. Nusu nimelipa leo mbele ya mjumbe, nusu karatasi za usajili zikibadilishwa.

KaziNaMsasa

Hapo sawa. Mita moja inakatwa na kuungwa, si kitu cha kutisha.

Mwambie fundi wako mambo matatu, na kama anayajua hatachukia. Plaiwudi iwe ya kazi ya baharini, karatasi mbili za milimita 18 zilizogandishwa kwa epoksi, siyo ile ya kumwagia zege. Kila ncha ya mbao ilowekwe epoksi kabla haijaingia. Na tundu za bolti zitobolewe pana kuliko bolti, zijazwe epoksi, zikikauka zitobolewe tena katikati kwa kipimo chake, ili bolti isiguse mbao hata siku moja. Kizibo vilevile. Akishatumia epoksi asije akarudi juu yake na resini ya poliesta, haishiki vizuri.

Na acha nyuma wazi ikauke kwanza. Mwezi mzima ikibidi, chini ya bati, siyo chini ya turubai linalopeperuka.

MamaDagaa_Mz

Mwezi mzima, umesikia. Usigombane na fundi kama mimi.

PwezaMkavu

Nimesikia dada. Trela linatoka Kunduchi kesho alfajiri kabla ya foleni, linakwenda nyumbani Kigamboni kwa Daraja la Nyerere. Nitaweka picha za mbao tukifungua.

KaziNaMsasa

Zile bolti za mashine zikitoka, zipige picha kabla hazijafutwa. Nataka kuona ya chini kulia.

PwezaMkavu

Imetoka. Ukubwa wa kawaida juu na chini, katikati imeliwa na kutu imebaki nene kama kalamu. Ilikuwa imeshikwa na silikoni.